Alichokitarajia Afaf

Afaf binti Idarus alikuwa hodari wa kuuza leso, na aliziuza bila ya maneno mengi. Katika duka la Mzee Gharib, Biashara Street, wateja waliingia wakimtafuta yeye, wakawapita wale wasichana wengine wenye midomo mepesi. Alijua kuikunjua pea kwa mkono mmoja ikatanda juu ya meza. Alijua rangi itakayompendeza mwanamke na rangi itakayomfifisha. Mtu anayenunulia arusi na mtu anayenunulia msiba aliwatambua hata kabla hawajasema. Jambo moja tu hakulifanya. Mteja akimuuliza, "Hii imeandikwaje, mwanangu?" Afaf aliigeuza leso, maandishi yakamwelekea mteja mwenyewe, naye akatabasamu midomo ikiwa imefungwa. Wengi walidhani ni adabu. Waliosahau miwani nyumbani walisomewa na msichana mwengine.

Ila yake ilikuwa kinywani. Akiuma, magego yake yalikutana, lakini meno ya mbele, ya juu na ya chini, hayakukutana. Palibaki uwazi wa kupita kidole, na ulimi ulishauzoea uwazi ule. Kila alipotaka kusema, ulitoka kuchungulia. Basi "sasa" yake ilikuwa "thatha", na "zamani" yake ilikuwa "dhamani".

Mamake alisema kwamba uwazi ule ulifanywa na kidole gumba. Idarus alipofariki, Afaf alikuwa hata hajaanza chuo cha Kurani, na tangu msiba ule mtoto hakulala ila na kidole kinywani. Mama alimpaka shubiri, akakifunga kidole kwa kitambaa, akamwahidi bangili. Afaf aliiramba shubiri mpaka uchungu ukaisha, kisha akaendelea. Alipokuja kuacha mwenyewe, meno ya ukubwani yalikuwa yameshaota yakifuata umbo la kidole.

Katika nyumba nyengine pengine ingekuwa kasoro ndogo ya kuchekewa na kusahauliwa. Lakini yeye alizaliwa na Bi Mwanakuu.

Bi Mwanakuu alijulikana Mji wa Kale mzima kwa kusoma maulidi. Palipokuwa na arusi, au hitima, au mtoto anatolewa arubaini, wanawake walituma mtu Kibokoni kumwita. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa safi. Kila herufi aliiweka mahali pake, sini ikawa sini na the ikawa the, na wanawake waliokuwa wakipiga soga uani walinyamaza wenyewe bila ya kunyamazishwa. Na huyu ndiye aliyepata binti mmoja tu, na binti mwenyewe kila sini aliyoisoma chuoni iligeuka the. Mwalimu alimrudisha nyuma, "Sini, si the!" Akarudia, ikatoka vilevile. "Sini, si the!" Watoto wakalichukua neno lile mpaka barabarani, wakawa wanamwitia.

Alipokuwa na miaka kama kumi na moja, mamake alimpa fungu dogo asome mbele ya watu. Ilikuwa maulidi ya nyumba ya jirani, wanawake wamejaa ukumbini, udi unafuka, marashi yanapitishwa. Afaf alikuwa amelihifadhi fungu lile hata bila ya kitabu. Alianza vizuri. Kisha zikaja sini, moja baada ya moja, na upande wa wasichana kukasikika kicheko kilichozuiliwa kwa leso, kikapasuka. Bi mmoja mtu mzima akasema, si kwa ubaya, "Mwanakuu, mpe mwengine amalize." Bi Mwanakuu akanyoosha mkono, akakitwaa kitabu katika mikono ya mwanawe, akampa Jana, binti wa dadake. Jana akasoma mpaka mwisho, akatuzwa.

Njia yote ya kurudi nyumbani mama alimshika Afaf mkono. Jambo lile halikutajwa tena katika nyumba yao, wala Afaf hakupewa tena fungu la kusoma. Yeye alijifunza kuitikia pamoja na wengi, ambako sauti ya mtu mmoja haisikiki.

Miaka ikapita hivyo. Jana akaolewa Kilifi, akawa ndiye anayeitwa maulidini baada ya khalake. Afaf hakuolewa. Walikuja watu kumposa, mara mbili, na mara zote mbili mambo yakapoa bila ya sababu kusemwa. Yeye mwenyewe aliijua sababu, au alidhani aijua. Bi Mwanakuu akashikwa na kisukari. Kwanza kilimla miguu, kisha kikamwendea machoni. Alianza kwa kusogeza kitabu chake cha maulidi mbali, halafu karibu, halafu dirishani penye mwangaza, na siku moja akakifunga, akakiweka juu ya kabati, akasema, "Hizi herufi zimenikimbia."

Tangu hapo akawa haoni ila vivuli. Akimjua mtu, amjua kwa sauti.

Siku hizo ndipo Afaf alipolipata shauri lake. Alimuona msichana dukani ana waya za meno, akamuuliza kwa sauti ya chini alizitia wapi. Akaelekezwa kwa daktari wa kike karibu na Makadara, ghorofani, juu ya duka la miwani. Hakumwambia mtu. Alijipangia mwenyewe kichwani: meno yatafungwa, ulimi utakosa pa kutokea, sini itatengenea, na hapo atakiteremsha kile kitabu juu ya kabati, akae kitako mbele ya mamake, amsomee toka mwanzo mpaka mwisho. Kila usiku aliiona picha ile. Ndani yake mamake alikuwa amefumba macho, akitikisa kichwa polepole kama alivyofanya zamani akisikia msomaji mzuri.

Daktari aliitwa Beryl. Alikuwa mwanamke mrefu, mtu wa bara, mwenye Kiswahili cha taratibu na mikono isiyokuwa na haraka. Alimtazama Afaf kinywani, akampiga picha za eksirei, akamng'atisha unga laini wa kuchukua umbo la meno. Kisha akavua glavu, akavuta kiti, wakakaa uso kwa uso.

"Kabla sijagusa jino hata moja, Afaf, huwa nauliza swali. Unatarajia nini?"

"Nataka yakutane," Afaf akasema, mkono mdomoni.

"Yatakutana, tukivumiliana. Lakini si kesho. Utakaa na waya zaidi ya miaka miwili. Siku za kwanza utaumwa, utakula uji na ndizi laini. Mabuyu, kashata, mahindi ya kuchoma, hayo uyaage. Na tukishazitoa waya utavaa kifaa cha kuyashika meno, kwa sababu yana tabia ya kurudi yalikotoka. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Nakuambia haya kwa sababu watu huja hapa na mambo mengi moyoni. Kuna mama alidhani nitamfunga waya asubuhi na jioni aende arusini meno yamenyooka. Kuna kijana alitaka kicheko cha mchezaji mmoja wa mpira, akaja na picha. Na kuna bibi mmoja alitaka mumewe arudi nyumbani." Daktari hakucheka aliposema hilo. "Waya husukuma meno. Vitu vingine hazivisukumi. Sasa nakuuliza tena, kuna jambo jengine unalolitarajia?"

Afaf akamtazama. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini kulisema kungetaka sini nyingi, tena mbele ya mtu mgeni, na msaidizi wa daktari alikuwa pale pale akipanguza vyombo.

"Hakuna," akasema.

"Na matamshi je? Naona ulimi wako hutoka ukizungumza. Yanakusumbua?"

Hapo uso ulimuwaka moto. Maisha yake yote alikuwa akijitahidi mtu asiligundue jambo lile, na huyu daktari aligundua kwa maneno manne.

"Hayanithumbui. Nimedhoea."

Daktari Beryl akamwangalia kidogo, kisha akaandika. "Haya. Kama utabadili mawazo, niambie. Hilo lina mtu wake, na ni vizuri lianze mapema."

Afaf akaitika kwa kichwa. Alitoka pale amefurahi, maana alichokisikia ni kwamba meno yatakutana. Hayo mengine yalimpita.

Waya zilipotiwa, mashavu yake ya ndani yakachubuka, na matamshi yakazidi kuharibika. Hata herufi alizokuwa akiziweza sasa zilimteleza. Akaona bora anyamaze mpaka mambo yatengenee. Dukani alionyesha kwa vidole. Nyumbani alimpikia mamake, akamwosha miguu, akamdunga sindano yake, akamtandikia, yote kimya kimya. Alidhani ni jambo dogo, ni kungoja tu. Hakufikiri kwamba kwa mtu asiyeona, anayehudumiwa na mtu asiyesema, nyumba huwa kama haina mtu.

"Afaf," mama aliita siku moja, na Afaf yuko hapo hapo ubavuni pake, akikunja nguo. "Afaf! Yuwapi huyu mtoto?"

Afaf akamgusa bega.

"Kumbe upo. Mbona wanyamaa hivyo, mwanangu? Nimekukosea nini?"

"La, mama. Hujanikosea."

"Basi sema nami. Nambia habari za dukani. Nani kanunua, nani kagombana na Gharib."

Afaf akamwambia maneno mawili matatu, akachagua yasiyokuwa na sini, hadithi ikatoka fupi, haina ladha. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya," akageukia ukutani.

Siku nyengine, baada ya sala ya alasiri, Bi Mwanakuu alisema waziwazi. "Kile kitabu changu kiko wapi?"

"Kiko juu ya kabati."

"Kiteremshe. Nisomea kidogo. Moyo umekikumbuka."

Afaf akasita. Akachukua simu, akatafuta msomaji maarufu, akaiweka karibu na mto. Sauti ikajaa chumba, nzuri, imepangika, herufi zote zimekaa. Mama aliisikiliza kwa heshima. Kisha akapapasa, akaisukuma simu.

"Izime. Huyo simjui."

"Ni mdhuri, mama."

"Mzuri. Lakini mimi nataka mtu wa nyumbani kwangu."

"Ngoja kidogo tu, mama. Meno yangu yakishakaa thawa nitakuthomea. Nitakuthomea vidhuri, wallahi."

Bi Mwanakuu akageuza uso kwenye sauti, macho yake yale yenye ukungu yakatua chini kidogo ya uso wa mwanawe.

"Mimi meno yako siyaoni," akasema.

Afaf aliyachukulia maneno yale kuwa ni huzuni ya upofu. Alijifunga kanga kiunoni, akaenda jikoni, akalia kwa ajili ya macho ya mamake. Ni baadaye sana, tena akiwa mahali pengine kabisa, yalipomrudia akayasikia vyengine.

Meno yalikuja. Hilo haliwezi kukanushwa. Mwezi baada ya mwezi Daktari Beryl alikaza waya, akamtundikia vijimpira vya kuyavuta ya juu na ya chini, na uwazi ukapungua mpaka haupiti kidole, mpaka haupiti ukucha. Siku meno ya mbele yalipogusana kwa mara ya kwanza, Afaf alikuwa mezani anakula mkate wa mofa. Aliung'ata, ukakatika mbele. Hakuwa amepata kuukata mkate kwa meno yale tangu yaote. Akakiacha chakula, akaenda kwenye kioo cha chooni, akafunga mlango.

"Thatha," akasema.

Akauma meno yakagusana, akajaribu tena. "Thatha. Thita. Thimthim."

Ulimi ulikuwa umekosa mlango, lakini haukuacha safari yake. Ulikuja ukajibamiza pale pale nyuma ya meno, ukayasukuma, ukatafuta upenyo pembeni. Afaf alirudia neno lile mpaka sauti ikamkauka, na mamake chumbani akawa anauliza, "Wazungumza na nani huko?"

Kesho yake alikwenda Makadara bila ya miadi. Alipoingia tu akasema, "Daktari, mbona ulimi haujatengenea?"

Daktari Beryl akamtoa msaidizi nje, akafunga mlango. "Kaa, mamangu. Nieleze."

Na hapo, baada ya muda wote ule, Afaf akasema. Alisema habari ya maulidi, na kitabu, na Jana, na mama asiyeona. Alisema na sini zake zote zikatoka mbovu, hakuzificha. Alipomaliza, daktari alikuwa ameushika mkono wake juu ya meza.

"Nilikuuliza siku ile," akasema polepole. "Sikulaumu. Najilaumu mimi, kwa sababu nilikuona uso ukibadilika nikakuacha. Ulimi ni msuli, Afaf. Umefundishwa njia moja tangu utotoni. Mimi nimefunga dirisha, lakini kuufundisha ulimi mahali pa kukaa ni kazi nyengine, na ingeenda sambamba na hii. Ingeanza siku ile ile."

"Thatha nimechelewa?"

"Hujachelewa. Lakini utahitaji muda."

"Muda gani?"

Daktari alichukua simu, akampigia mtaalamu wa matamshi anayeitwa Ronald, akamsihi ampokee wiki ile ile.

Ronald alikuwa mcheshi, mtu wa kufanya mchezo hata na watu wazima. Alimpa Afaf mrija wa soda aupulize, akamwambia aweke ncha ya ulimi juu, kwenye ufizi nyuma ya meno, ameze mate bila ya kuushusha. Akampa sauti ya nyoka: sss. Afaf aliifanya akipika, akipanda ngazi, akipanga leso kwenye rafu mpaka Mzee Gharib akauliza kama duka limeingia nyoka. Ikaanza kuja. Ikaja peke yake kwanza, bila ya neno. Kisha ikaja mwanzo wa neno, akienda polepole na akiwa hana wasiwasi. Akiharakishwa au akitazamwa, ilikimbia.

Akaweka nia mpya. Mwezi wa Mfungo Sita ndio mwezi wa maulidi, na haukuwa mbali. Mpaka hapo atakuwa tayari. Mamake alipomwomba tena kile kitabu, alimjibu kwa furaha, "Mfungo Thita, mama. Mfungo Thita nitakuthomea, uite na watu." Bi Mwanakuu alishika kidole cha Afaf, akakikandakanda, kama mtu anayepima kitambaa.

Mfungo Tano ulikuwa haujamalizika mama alipoanguka. Ilikuwa asubuhi. Afaf alimkuta sakafuni kati ya kitanda na mlango, upande mmoja umelegea, na mdomo unataka kusema lakini hausemi. Vijana wa mtaani walimteremsha ngazi kwa kiti, wakampakia tuktuk mpaka hospitali. Madaktari walimtazama, wakatazamana. Kiharusi, wakasema, na figo nazo zimechoka.

Siku tatu alilala macho yamefumba. Jana alipigiwa simu, akasema ataweza kuja siku ya tatu. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, pumzi za Bi Mwanakuu zilibadilika, zikawa ndefu, kisha zikakatika, kisha zikarudi. Muuguzi wa zamu, Mgiriama mmoja aliyeitwa Dama, alikuja akamshika mgonjwa kifundo cha mkono. Akalivuta pazia kukizunguka kitanda.

"Dada," akamwambia Afaf kwa upole, "kama kwenu kuna mtu wa kumsomea, ni vizuri asome saa hii."

Afaf akampigia Jana. Jana alikuwa Mtwapa, barabara imefungana, malori hayaendi mbele wala nyuma. Alikuwa analia. "Nisubirini," akasema. "Nakuja, nisubirini."

Afaf akakata simu. Alimtazama mamake. Kichwani alikuwa akizipitia sura zote anazozijua, akitafuta nyengine, lakini inayosomewa mtu saa ile ni moja, na kila Muislamu aijua. Jina lake lenyewe lina sini. Neno lake la kwanza kabisa lina sini.

Akatoa mswahafu kwenye mkoba, akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa kitanda, akainama sikioni. Akaweka ncha ya ulimi mahali alipofundishwa. Akavuta pumzi.

"Yaa thiin," akasoma.

Alisikia mwenyewe. Nyuma ya pazia walikuwako watu, wagonjwa na jamaa zao, na mmoja wao alikohoa. Afaf angeweza kurudia. Alirudia maisha yake yote, chuoni, kwenye kioo cha chooni, kwa Ronald. Hakurudia. Aliendelea kwenye aya ya pili, na ya tatu. Sini nyengine zilitoka sawa, safi kabisa, kama za mamake, nyengine zikaponyoka. Alizipita zote. Jasho lilimtiririka shingoni, waya zikamchubua mdomo akaonja damu, na sauti yake, ambayo mwenyewe hakuwa akiijua, ikapanda kidogo kidogo, mpaka kule nyuma ya pazia kukanyamaza.

Mama hakutikisa kichwa. Hakufungua macho. Hakukikamua kidole Afaf alichomtia kiganjani, ingawa Afaf alikusubiri kukamuliwa kule kuliko kitu chochote alichowahi kukisubiri. Pumzi zilikwenda zikipungua, na katikati ya sura, mahali ambapo hata leo akifika hushindwa kupita haraka, zikasita. Dama akaja, akatazama, akatikisa kichwa. Afaf alisoma mpaka mwisho. Hakujua afanye nini jengine.

Hapo ndipo maneno yale yalipomrudia, "Mimi meno yako siyaoni," naye akayaelewa. Aliyasikia kwa sauti yenyewe, taratibu, hayana huzuni ya upofu ndani yake hata chembe. Alikuwa ameombwa kitu alichokuwa nacho, akajibu ngoja.

Jana alifika uso umeshafunikwa. Alisimama mlangoni, akashikilia ukuta.

"Nani alimsomea?" akauliza.

"Mimi."

Jana akamwangalia. Akaja akamkumbatia, na wakalia pale pamoja mpaka walipoambiwa watoke ili mwili uandaliwe.

Bi Mwanakuu alizikwa siku ile ile, jua likielekea kuchwa. Mfungo Sita ulipoingia, nyumba za Mji wa Kale zilipotiwa taa na watoto wakavaa kanzu mpya, Afaf alifunga madirisha ya barabarani. Walikuja kumwita katika maulidi mawili matatu. Alisema hajambo, akasema ana kazi.

Hakurudi kwa Ronald kwa muda mrefu. Ronald alimpigia simu, hakuishika. Kwa Daktari Beryl alirudi, kwa sababu mtu hawezi kukaa na waya maisha yake yote.

Siku ya kuzitoa, daktari alivikwanyua vile vijichuma kimoja kimoja, akayasugua meno yakang'aa, akampa kioo.

"Angalia kazi yetu. Na mama, hajambo? Umeshaanza kumsomea?"

"Mama katangulia," Afaf akasema. "Kabla ya Mfungo Sita."

Alilitamka neno "Sita" vizuri, sini yake imekaa barabara, na hakuna hata mmoja wao aliyeligundua. Daktari Beryl alikaa kwenye kile kiti cha magurudumu, akavua miwani.

"Nilimsomea mara moja," Afaf akasema. "Sijui kama alinisikia."

"Masikio ndiyo ya mwisho kuondoka," daktari akasema. "Hivyo tulifundishwa. Lakini sitakwambia najua, kwa sababu sijui."

Afaf alimshukuru kwa kutomdanganya. Akapokea kifaa chake cha kuvaa usiku, akaelezwa namna ya kukiosha, akateremka ngazi.

Jumamosi ile Jana alikuja kutoka Kilifi na watoto wake wawili kumtazama. Alipofunguliwa mlango akasema, "Hebu cheka nikuone." Afaf hakuwa na kicheko, lakini akaifungua midomo kumridhisha, meno yote yaliyopangika yakaonekana. Jana akapiga hatua nyuma, mkono kifuani.

"Ya Rabbi. Umekuwa khala mtupu. Kinywa hicho ni chake, Afaf. Ni chake hasa."

Afaf akaingia chumba cha mamake, penye kioo cha kabati. Akajitazama kwa mbele, kisha ubavu, akayafunga meno, akayafunua, akaitafuta ile sura aliyoiona Jana. Hakuiona. Alijaribu kukikumbuka kinywa cha mamake, umbo lake, namna midomo ilivyokaa akinyamaza, na hakikumjia. Miaka yote aliyokaa mbele yake alikuwa akimsikiliza, hakupata kumwangalia.

Alisimama pale mpaka mtoto mdogo wa Jana alipolia njaa sebuleni. Akalifunga kabati, akaenda kuwapakulia.